Ukuta Mpya wa Sista

Mtaa mzima wa Jamhuri ulimwita Sista, na hakuna hata mmoja wetu aliyedhani kwamba jina hilo lilitokana na utawa. Lilitokana na hospitali kuu kule Upper Hill, ambako alikuwa muuguzi katika chumba cha majeruhi hadi akastaafu, akiwa na mabega ya mpiga ndondi na sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya vilio. Nimekuwa jirani yake tangu utotoni. Nyumba ya mama yangu, ambamo nilirudi kuishi baada ya ndoa yangu kuvunjika, inatazamana na yake. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu ukatili, na nimekaa katika makongamano juu yake katika hoteli za katikati ya jiji, nikinywa chai na kuandika pembeni mwa karatasi. Hata hivyo, nikilisikia neno lenyewe, hainijii nadharia yoyote. Unanijia mkono wa kulia wa Sista.

Ulikuwa mkono mpana, wenye vidole vifupi na kucha zilizokatwa hadi karibu na nyama, na ulifika kabla ya maneno. Milango hakuibisha, aliipiga. Mbwa waliomzoea walilala chini walipomwona, si kwa mapenzi. Alimzaba kofi shemasi wa kanisa letu mbele ya waumini waliokuwa wakitoka ibadani, kwa kuwa shemasi huyo alikuwa amemwambia msichana aliyefiwa na mtoto mchanga kwamba atafute dhambi iliyoleta kifo. Kofi lile tulilisimulia kwa furaha kwa muda mrefu. Hatukusimulia makofi mengine, ambayo hayakuwa na sababu ya kupendeza: la muuza mayai aliyechelewa kumrudishia chenji, la msichana wa kazi aliyeunguza blauzi, la fundi wa bomba aliyecheka mahali pasipochekesha.

Kwa mtu anayetaka kumpenda au kumchukia moja kwa moja, Sista alikuwa taabu tupu. Siku moja mwizi wa simu alikamatwa nyuma ya maduka yetu, na wanaume wakaanza kumpiga kwa mawe. Mmoja alikuwa tayari ameleta tairi. Sista alitokea na mpini wa jembe. Hakuhutubia mtu. Aliwapiga wale wanaume miguuni na viunoni, mmoja mmoja, kwa utaratibu wa mtu anayepiga nguo za kufua, na wote walikuwa watu waliomjua na waliowahi kufungwa vidonda naye.

"Sista, huyu ni mwizi," mmoja alilalamika akiwa ameshika goti.

"Na wewe ni nani, jaji? Toka hapa kabla sijakuvunja na la pili."

Walipotawanyika, alimpiga mwizi kofi moja la mdomo, akamkokota kwa ukosi wa shati hadi barazani kwake, akamshona nyusi bila ganzi. Mimi niliitwa kushika tochi, maana kiza kilikuwa kinaanza kuingia. Nilipogeuza uso na mwanga ukahama, aliniambia bila kuinua macho, "Lia ukimaliza. Sasa hivi shika taa." Mwizi aliondoka na uso ulioshonwa vizuri kuliko sketi zangu zote.

Aliniita Msomi, kwa namna ambayo watu wengine humwita mtu mlevi.

Sista alimpiga mwanawe, ambaye ni rika langu, kuliko mtu mwingine yeyote. Kati ya ua wao na barabara kulikuwa na uzio wa kayaba, ule mmea wa miiba mirefu ambao wakazi wa zamani wa Nairobi walipanda kabla watu hawajaanza kujenga kuta, na kupitia uzio huo tulisikia kila kitu. Tulisikia mwiko, tulisikia kandambili, tulisikia kipande cha mpira wa kumwagilia maji. Baba wa nyumba, karani mpole ambaye sasa ni marehemu, alitoka wakati huo akasimama barabarani kama anayengojea mtu. Asubuhi yake mwana alikuja shuleni amefungwa bandeji nyeupe, safi, plasta zake zimekatwa kwa mkasi zikawa na kona sawasawa. Hakuna mtoto darasani aliyetunzwa vidonda kama yeye. Walimu walimsifu mama yake.

Kuhusu nyumba yenyewe, ilikuwa ya mawe, yenye vigae vilivyoota kuvu, na uso wake haukumshughulisha Sista hata kidogo. Rangi ilibanduka madirishani. Lango lilining'inia kwa bawaba moja. Ndani ungeweza kula chakula sakafuni, lakini nje palikuwa na sura ya mahali palipohamwa. Majirani walipoanza kuuza na maghorofa kuinuka pande zote, mama yangu alimshauri apake walau lango rangi. Alijibu, "Nyumba ni ya kukaa ndani. Mimi sikai barabarani."

Baada ya mazishi ya mumewe, mwana alitaka nyumba iuzwe. Alifanya kazi katika ofisi ya bima kwenye mnara mmoja wa Upper Hill, na alikuwa amepanga nyumba Lavington, katika zile barabara ambazo mtu huona malango na walinzi tu. Kisheria hangeweza kuuza bila sahihi ya mama yake, naye mama hakutaka hata kuigusa kalamu. Ndipo mwana alipoanza kuzungumzia uzee wa mama. Nilimsikia akimwambia pale langoni, kwa sauti ya chini aliyojifunza ofisini:

"Mama, wewe unaishi peke yako. Siku moja tu ukianguka humu, naenda kwa wakili, mali yako iwe chini yangu, na hakuna jaji atakuacha ukae hapa."

"Basi ngoja nianguke."

"Nangoja."

Sidhani alikuwa mtu mbaya. Aliwahi kuja kwangu kunywa chai, na nilipomuuliza kwa nini ana haraka hivyo, alikizungusha kikombe kwa muda. "Wewe ukiangalia pale unaona nyumba," alisema. "Mimi naona mahali nilipigwa. Nataka siku moja nipite hii barabara nikute lifti na watu siwajui."

Kwa kuwa sahihi ilikataa kuja, aliamua kuanza na sura. Aliamini kwamba mnunuzi wa maana akishapatikana, amesimama pale na mke wake, ametabasamu, mama ataona aibu na kulegea. Alikuwa na imani moja kuhusu biashara hiyo, na aliirudia kama fatiha: mnunuzi huamua akiwa bado ndani ya gari, hata mkanda hajafungua. Yaliyo ndani ya nyumba ni ya kuthibitisha tu alichokwisha kukipenda kutoka barabarani. Kwa hiyo kila alichotaka kukifanya kilikuwa upande wa barabara.

Mara ya kwanza alileta tingatinga kung'oa kayaba. Sista alisimama mbele yake na ndoo ya mawe, akavunja kioo cha dereva, kisha taa, kisha akaanza kumlenga dereva mwenyewe, ambaye aliruka akakimbia akiacha injini inanguruma. Mara ya pili mwana alingoja mama yake aende kuzika shangazi huko Murang'a. Sista alirudi akiwa bado na vazi la matanga na kukuta uzio wake umelala barabarani, mizizi juu, na mafundi wanamalizia ukuta mrefu mweupe wenye lango jeusi la chuma na ncha za dhahabu. Njia ya kuingilia ilikuwa imetandazwa matofali ya kabro. Fundi aliyekuwa karibu zaidi alipoteza jino. Sista alimpa pamba ya kuuma, aumie kwa adabu, akamwambia asisukutue kwa nguvu hadi kesho.

Kisha akaandika.

Kila Mkenya anayajua maandishi hayo. Familia ikigombania ardhi, asiyetaka kuuza huchukua rangi na kuandika ukutani, kwa herufi kubwa kuliko mtu, kwamba mahali hapo hapauzwi, ili mnunuzi asije akalia baadaye kwamba hakujua. Sista aliandika NYUMBA HII HAIUZWI kwa rangi nyekundu ya mabati, kutoka langoni hadi kona, na rangi ilichuruzika chini ya kila herufi kana kwamba ukuta umechomwa kisu. Mwana alileta fundi wa rangi akafuta. Sista akaandika tena. Fundi wa rangi alirudi, safari hii akapigwa na kopo la rangi yake mwenyewe, akaondoka na bega jeupe. Mtaa ulikuwa unatazama kama watu wanavyotazama mpira.

Lakini badala ya kupungua, wanunuzi waliongezeka. Magari yalipunguza mwendo. Watu walipiga picha. Siku moja alikuja dalali, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na simu mkononi, akabisha lango jeusi. Nilikuwa nje nikimwagilia maua, na nilisikia neno kwa neno.

"Mathe, habari ya leo?"

"Mathe ni mama yako huko kwenu. Unataka nini?"

"Nimetumwa na mteja. Anaulizia hii ploti."

"Kwani hukusoma shule? Hujaona hapo nyuma yako pameandikwa nini?"

"Nimeona, ndiyo maana nimekuja," dalali alisema kwa upole wa kweli. "Sikiza, mathe. Mahali hapana maandishi, hapana maneno, sisi tunapita tu. Mahali wameandika haiuzwi, tunajua ndani kuna mtu anauza. Na juu ya vile mnapigana, mtauza haraka, hata bei itashuka. Hii ukuta yako inatuita kutoka mbali."

Sista alimwomba ayarudie maneno hayo, na kijana akayarudia, akifurahi kusikilizwa.

"Asante kwa kunieleza," Sista alisema. Kisha akamzaba kofi lililomwangusha kwenye majani.

Jioni hiyohiyo alichanganya rangi nyeupe akafuta maandishi yake mwenyewe. Alipaka tabaka juu ya tabaka hadi wekundu ukaacha kupenya. Nimewahi kuona watu wakikiri kushindwa, na nilidhani ninamwona mwingine. Mwana naye alidhani hivyo. Alikuja Jumamosi iliyofuata akiwa amenunua michikichi michanga kutoka kwa wauza miche wa barabara ya Ngong, na nyasi zilizokunjwa kama mikeka, na taa za ukutani, akavipanga kwa mikono yake huku akipiga mluzi. Mama yake alimletea chai. Nilimwona akimwonyesha mahali pazuri pa kuweka mchikichi wa mwisho, na alikuwa sahihi. Pale mbele pakapendeza kweli. Wapita njia walisimama.

Nilimuuliza Sista kama amebadili nia. "Msomi," alisema, "wewe unapenda kuuliza kabla ya wakati."

Wanunuzi walikuja kutoka Lavington, mume na mke, watu wa kadiri ya umri wetu, katika gari refu la kijivu. Mwana alikuwa amewahi kufika, amevaa koti. Gari liliposimama mbele ya lango, kabla mkanda haujafunguliwa, Sista alitoka na panga.

Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Aliinama kwa heshima kuelekea gari. "Karibuni," alisema, akakata mchikichi wa kwanza kwa pigo moja. "Jisikieni nyumbani." Akakata wa pili. "Mmetoka salama?" Wa tatu haukukatika vizuri; aliukanyaga akaurudia. Kioo cha gari kilikuwa kimeteremshwa nusu na yule mama aliyekuwa ndani alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu uso wake haukuwa umepata habari. Sista aliligeukia lango jipya akaanza kulipiga kwa ubapa wa panga, na mlio wake ukawa kama kengele ya shule. Vipande vya rangi nyeusi viliruka. Alizipiga taa. Alipomaliza taa alichana nyasi zile mpya kwa mistari mirefu, kama mtu anayempasua samaki, akiendelea kuwaambia wageni wasiogope, waingie, chai iko mezani.

Gari liliondoka likirudi nyuma.

Mwana alimfikia akamshika mkono wa panga. Walizunguka pamoja mara kadhaa, na panga likaanguka. Sista alimpiga kofi. Naye, mtu mwenye mvi, aliye na koti la ofisini, akamrudishia.

Kofi hilo nimelifikiria sana. Lilikuwa la mkono wazi, likitokea chini, bega likitangulia. Hakuna mtu mwingine Nairobi anayepiga vile isipokuwa mmoja, na alikuwa ndiye anayeanguka.

Aliangukia kwenye matofali ya kabro, mkono wa kulia chini yake, na sauti niliyoisikia kutoka upande wangu wa barabara ilikuwa kavu. Nilipofika alikuwa amekwisha kukaa. Alikuwa akiupapasa mkono wake kwa vidole vya mkono wa kushoto, kutoka kwenye kiwiko kwenda chini, kama anayetafuta kitu kilichoangushwa.

"Umevunjika juu kidogo ya kifundo," alisema. "Msomi, lete gazeti nene na kamba. Wewe, washa gari."

Mwana aliwasha gari. Njia nzima hadi Upper Hill nilikaa nyuma nikiushikilia mkono ule, uliofungwa kwa gazeti kwa maelekezo ya mwenyewe, na nikashangaa ulivyokuwa mwepesi. Sista alimwambia mwanawe apunguze mwendo kwenye matuta.

Katika chumba alichokuwa akikitawala zamani hapakuwa na mtu aliyemjua. Alingoja kwenye benchi la ukumbini pamoja na wengine. Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alichuchumaa mbele yake, akalifungua gazeti taratibu, akauliza ameumiaje.

"Ameanguka," alisema mwana. Alikuwa amesimama nyuma ya daktari, amekumbatia mkoba wa mama yake kifuani. "Kwenye kabro. Kulikuwa na maji."

Nadhani hakuwa amepiga hesabu yoyote. Lilimtoka kama uongo unavyomtoka mtoto. Lakini mimi niliyasikia maneno hayo na nikaona yanakokwenda. Mama akikubali kwamba ameanguka, mwana yuko salama, na anguko alilokuwa akilingoja limepatikana, limeandikwa na daktari. Wakili angelibeba. Na mama akikataa, nyumba ingebaki yake, lakini mwana angetoka pale kwenda kituo cha polisi.

"Ni hivyo, Mama?" daktari aliuliza. "Ulianguka?"

Sista alimtazama. "Umefanya kazi hapa tangu lini?"

"Sina muda mrefu."

"Mimi nilikaa hapa maisha yangu. Wanawake walikuwa wanaletwa na mabwana zao, wote wameanguka. Nilikuwa namtoa bwana nje kwanza, halafu namuuliza mama, hiyo sakafu iliyokupiga inaitwa nani?"

Mwana alisema polepole, "Mama, tafadhali."

Daktari aligeuka akamtazama mwenye mkoba, kisha akarudisha macho kwa mgonjwa. "Haya," alisema. "Iliitwa nani?"

Sista alimwangalia mwanawe kuanzia kichwani hadi viatuni na kurudi juu, bila hasira, kwa ule uangalifu wa mtu anayekadiria jeraha kabla ya kuligusa. Nilitamani aseme ameanguka. Nilitamani pia asiseme. Sijawahi kutamani vitu viwili kwa nguvu sawa namna ile.

"Ni huyu," alisema. "Mimi nilimpiga, yeye akanipiga. Andika vile nimesema, usipunguze ya kwanza."

"Nikiandika hivyo, Mama, itabidi polisi waone."

"Najua inaenda wapi. Nimewatuma wengi huko." Akaionyesha karatasi kwa kidevu. "Na uandike kwamba naishi peke yangu na sijawahi kuanguka."

"Hilo si la hospitali."

"Andika."

Daktari akaandika. Mwana aliteleza na ukuta wa ukumbi hadi akaketi sakafuni, mkoba mapajani, miguu imenyooka mbele yake, akaanza kulia bila kuficha uso, koti lake likikunjamana mabegani. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walisogea kidogo wakampa nafasi. Sista hakumwambia anyamaze. Mlango wa mwisho wa ukumbi ulisukumwa wazi, na wahudumu wakaja mbio na mtu aliyegongwa na gari, damu ikidondoka kando ya shuka.

"Kunja miguu," Sista alimwambia mwanawe. "Machela inapita."

Akaikunja.